Je, "plague" ni tauni? Jibu kwa mfasiri aliyerudishiwa kazi

Msomaji mmoja anayeanza kazi ya kufasiri ameniletea swali ambalo nimelifurahia kwa sababu amelileta na mifano yake:

"Shikamoo, Mwalimu. Nilipewa ripoti ya kilimo niifasiri kutoka Kiingereza. Neno 'plague' limo mara nne. Kwanza, 'a plague of locusts', nikaandika baa la nzige. Pili, mradi ulikuwa 'plagued by' ucheleweshaji wa fedha, nikaandika kwamba uliandamwa na ucheleweshaji. Tatu, wafanyabiashara waliliepuka soko fulani 'like the plague'. Hapo nilikwama, nikaandika waliliepuka kama ugonjwa. Nne, kuna historia fupi ya 'cattle plague', nikaandika tauni ya ng'ombe. Mhariri amenirudishia kazi. Ameweka tauni kila mahali, akisema kamusi inatoa tauni na neno moja lifasiriwe kwa neno moja. Nani yuko sahihi? Na neno hili maana yake hasa ni nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hukumu, maelezo yafuate. "Baa la nzige" ni sahihi. "Uliandamwa" ni sahihi, tena ni chaguo la mtu anayesikia lugha yake. "Kama ugonjwa" imepwaya. "Tauni ya ng'ombe" ni kosa, na mhariri hakuliona kwa sababu lilikubaliana na kanuni yake. Kanuni yenyewe siibezi. Kwenye mkataba au mwongozo wa tiba, istilahi moja kubebwa na neno moja ndiyo salama ya msomaji. Lakini kanuni hiyo ni ya istilahi, na "plague" ni istilahi katika kazi yake moja tu. Katika kazi zake nyingine ni neno la kawaida lililozeeka, likapanuka, likachukua maana kila lilikopita.

Chanzo chake ni Kilatini, "plaga", yaani dharba, pigo, na pia jeraha linaloachwa na pigo hilo. Lina undugu na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Kilatini kiliwarithisha watoto wake: Wafaransa wana "plaie", kidonda, Waitalia wana "piaga", kidonda vilevile, Wahispania wana "plaga", ambalo mkulima wao hulitumia akizungumzia wadudu waharibifu wa mazao. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa cha kale, na mwishoni mwa karne ya 14 tayari linaonekana katika Biblia za Kiingereza zilizofasiriwa kutoka Kilatini. Maana yake hapo ni pigo. Maana ya ugonjwa wa kuenea ilikua baadaye, juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza haikufa.

Chukua habari za Musa na Farao. Kiingereza huyaita yale mambo kumi yaliyoipata Misri "plagues". Biblia ya Kiswahili inayaita mapigo. Yahesabu: maji kugeuka damu, vyura, chawa, nzi, mifugo kufa, majipu, mvua ya mawe, nzige, giza, vifo vya wazaliwa wa kwanza. Magonjwa ni mawili tu, la mifugo na la majipu. Mhariri wako akishika kanuni yake mpaka mwisho, itambidi aandike tauni ya vyura na tauni ya giza. Zaidi ya hayo, neno tauni limo katika habari hiyo, lakini kati ya yale mapigo kumi ni la tano peke yake, lile la mifugo, linaloitwa hivyo. Wafasiri wetu wa zamani waliyaona maneno mawili, pigo na tauni, wakajua kila moja lina mahali pake.

Mfano mwingine ni mwanamke katika Injili ya Marko aliyetokwa na damu miaka 12. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema aliponywa "plague" yake. Ugonjwa wake haukuambukiza mtu wala haukuenea popote. Ulikuwa mateso ya mwili mmoja. Neno la Kigiriki lililoko pale maana yake ya asili ni mjeledi. Na Biblia ya Kiswahili inasema nini? Inasema msiba. Mimi nimefundisha kufasiri kwa miaka mingi, na bado nikifika mahali hapo huwa nasimama, kwa sababu neno msiba limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule wa kusibu, na mzizi huo ni wa mshale unaoipata shabaha. Msiba ni kilichokulenga kikakupata.

Sasa tazama neno tauni lenyewe. Nalo ni la Kiarabu, na mzizi wake ni kuchoma kwa mkuki. Kiingereza kina neno jingine, "scourge", ambalo magazeti yao hulitumia sana kwa umaskini au dawa za kulevya, nalo kwa asili ni mjeledi. Kilatini pigo, Kigiriki mjeledi, Kiarabu mkuki na mshale. Watu wa lugha zilizokaa mbali walipopatwa na jambo kubwa lisiloonekana linakotoka, walisema tumepigwa. Na sisi leo tukisema taifa limepata pigo, hatuhitaji kueleza zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa "plague" ni nini hasa, jibu fupi ni pigo. Kinachobaki ni kutambua nani amepigwa, na nini, mara ngapi.

Wanazuoni wa Kiarabu walilikuta swali la mhariri wako zamani sana, wakalijibu vizuri. Walitenga tauni na waba. Waba ni maradhi yoyote yanayowaangukia watu wengi kwa wakati mmoja. Tauni ni aina yake moja, yenye dalili zake. Wakasema kila tauni ni waba, lakini si kila waba ni tauni. Mjadala huo ulikuwa na uzito wa maisha, maana kuna mafundisho mahususi ya Mtume kuhusu tauni: usiingie nchi iliyo nayo, wala usitoke humo kwa kuikimbia. Ndiyo yaliyozungumzwa Khalifa Umar alipogeuza njia asiingie Sham, yaani Syria na jirani zake, wakati wa tauni ya Amwas, karibu mwaka 639. Neno waba lilifika kwenye Kiswahili, na kamusi za zamani zimelihifadhi, ila leo halisikiki sana. Mahali pake tumeweka ugonjwa wa mlipuko, na ukienea dunia nzima, janga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya "plague", na hapa mhariri wako ana haki yote, ni ugonjwa mmoja unaojulikana kwa jina. Huletwa na bakteria anayeitwa Yersinia pestis, aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoupeleka kwa binadamu. Una sura tatu. Ukivimbisha matezi ya kinena, kwapa au shingo, ni tauni ya mitoki. Neno mitoki lipo katika lugha yetu tangu zamani na linatosha kabisa. Sioni sababu ya kuandika "buboniki" kama wengine wafanyavyo. Ukiingia kwenye mapafu ni tauni ya mapafu, ambayo husafiri kwa pumzi na kikohozi, na isipotibiwa mapema mgonjwa hufa karibu kila mara. Ukienea katika damu ni tauni ya damu.

Ugonjwa huu haujaisha, na hili ndilo linalonifanya niwe mkali kuhusu neno lake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,248 na vifo 584 duniani kati ya mwaka 2010 na 2015. Mwaka 2017 Madagaska ilipata mlipuko wenye wagonjwa zaidi ya 2,400, waliothibitishwa pamoja na walioshukiwa, na wengi wao walikuwa na tauni ya mapafu. Tiba ipo: antibiotiki zikianza mapema, mgonjwa hupona. Lakini ili aende hospitali mapema lazima jina la ugonjwa limwambie kitu. Tukilitumia tauni kwa nzige, kwa foleni za magari na kwa miradi iliyochelewa, siku mhudumu wa afya atakapopita akisema kuna tauni kijijini, neno litakuwa limechakaa. Mfasiri anailinda maana ya neno kama mhasibu anavyolinda fedha asizomiliki.

Ndani ya historia kuna mtego mwingine. Vitabu vya Kiingereza huita "plague" milipuko ambayo haikuwa tauni, au ambayo hakuna anayejua ilikuwa nini. Ugonjwa ulioiangamiza Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, ambao mwanahistoria Thucydides aliuugua akapona akauandikia habari, wataalamu wanaubishania hadi leo. Ule uliorudi na majeshi ya Roma kuanzia mwaka 165, wengi wanadhani ulikuwa ndui. Hapo usiandike tauni. Andika ugonjwa wa mlipuko ulioikumba Athens, au maradhi ya kuangamiza. Kiswahili kina nafasi ya kutosha. Lakini ule wa enzi ya Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, ulioanza mwaka 541, na ule ulioingia Ulaya mwaka 1347 na kuua theluthi ya watu au zaidi kwa miaka michache, na ule wa London wa mwaka 1665, hizo zilikuwa tauni kweli. Mabaki ya bakteria yamepatikana katika meno ya waliozikwa kwenye makaburi ya nyakati hizo. Hapo andika tauni bila wasiwasi.

Na kwa kuwa umegusa historia: Waingereza waliokufa mwaka 1348 hawakuuita ugonjwa ule Kifo Cheusi. Waliuita maradhi makuu, au kifo kikuu. Jina la Kifo Cheusi lilienea katika Kiingereza karne ya 19, karibu miaka 500 baadaye. Ukifasiri mazungumzo ya mtu wa karne ya 14, usimtie mdomoni jina ambalo hakuwahi kulisikia. Neno jingine lililotoka kwenye tauni hiyo tunalitumia sisi sote: karantini. Mji wa Ragusa, Dubrovnik ya leo, uliamuru mwaka 1377 kwamba wanaotoka mahali penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na arobaini kwa Kiitalia ndiyo iliyozaa jina.

Sasa kosa lako, mwanangu, lile la ng'ombe. "Cattle plague" ni jina la Kiingereza la ugonjwa ambao Wajerumani huuita Rinderpest, na sisi tunalo jina lake: sotoka. Haukuletwa na bakteria wa tauni. Ni kirusi, ndugu wa kirusi cha surua. Miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini kabisa mwa bara, ikiua, kwa makadirio, ng'ombe 80 hadi 90 katika kila 100 mahali ilipopita, na njaa ikafuata nyuma yake. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui. Ukiandika tauni ya ng'ombe, mfugaji aliyesimuliwa sotoka na babu yake hatajua kwamba unazungumzia jambo lake. Na aliyesomea mifugo atadhani umegundua kwamba ng'ombe wanaugua tauni.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikabidhiwa kijitabu cha mifugo kilichokuwa na kosa hilihili, na tayari kilikuwa kimepigwa chapa. Daktari wa mifugo alikisoma, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hawa ng'ombe waling'atwa na viroboto gani?" Tangu siku hiyo, nikiona "plague" baada ya jina la mnyama, kitu cha kwanza ni kumtafuta mtaalamu wa mnyama huyo. Ugonjwa wa mbuzi na kondoo ambao hata Kiingereza kimeuchukua kwa jina lake la Kifaransa, lenye neno "peste" ndani yake, kwetu ni sotoka ya mbuzi na kondoo. "Fowl plague" ni jina la kale la mafua makali ya ndege. "Duck plague" ni ugonjwa wa bata unaoletwa na kirusi kingine kabisa. Hata kamba wa maji baridi wana "plague" yao, inayoletwa na vimelea vinavyofanana na kuvu. Majina yanafanana, magonjwa hayana uhusiano.

Kazi nyingine ya neno hili ni ya wingi unaoharibu: nzige, panya, viwavi. Kiingereza husema "a plague of" kisha kikataja kiumbe. Neno letu hapa ni baa, na usiliache likupokonywe. Baa la njaa, baa la nzige. Msomaji anaona ukubwa na madhara kwa pamoja, bila kufikiria homa. Kwa nzige wa jangwani neno hili lina hata kipimo. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutumia ngazi: kwanza utulivu, kisha mlipuko wa mahali pamoja, kisha ongezeko kubwa linalovuka mipaka, na mwisho ndipo huja kile wanachokiita "plague", makundi makubwa yakisambaa kwenye kanda mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Kwa kipimo chao, nzige walioivamia Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 2019 walikuwa ongezeko kubwa. Baa la mwisho lilikuwa la 1986 hadi 1989. Kwa mkulima ambaye shamba lake limeisha asubuhi moja, tofauti hiyo haina faraja, kwani kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na hata kundi dogo la ukubwa huo hula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Lakini ripoti yako ikiwa ni ya kitaalamu, angalia: iliposema "upsurge", yaani lile ongezeko kubwa, usiandike baa, na iliposema "plague" usiandike mlipuko. Waaustralia nao hutumia neno hili kwa panya wa mashambani wakizidi kama 800 kwa hekta, kama walivyojaa New South Wales mwaka 2021. Hilo pia ni baa la panya, na hapa tauni inapotosha zaidi kuliko popote, maana panya na tauni vikikaa sentensi moja kila mtu ataelewa ugonjwa.

Nije kwenye kitenzi, ambako umefanya vizuri kuliko mhariri wako. "To plague" ni kusumbua kwa kurudia. Hilo la kurudia ndilo moyo wake. Mafuriko ya usiku mmoja hayawezi ku-"plague" mji, hayo yameukumba. Lakini mji unaofurika kila masika, Kiingereza kitasema "plagued by floods", na wewe utasema unaandamwa na mafuriko. Kuandama kuna miguu ndani yake, kitu kinakufuata ukienda na ukirudi. Mchezaji anayepona goti akaumia kifundo, akapona akaumia paja, anaandamwa na majeraha. Kama ni mawazo au madeni yaliyomjaa mtu kila upande, yamemzonga. Kama ni majuto, yanamtafuna. Kama ni watu wanaomfuatafuata kwa lawama, wanamsakama. Mtoto anayemuuliza mama yake swali lilelile kuanzia asubuhi, Kiingereza kitampa kitenzi hichohicho, nasi tutasema amemganda. Na kero ndogo, kama mbu au kelele za jirani, zinaghasi. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, na Kiswahili kinakudai uamue uzito, mwendo na chanzo. Mhariri aliyeandika kwamba mradi "ulipata tauni ya ucheleweshaji" amepoteza yote hayo.

"Like the plague" ni msemo uliokwisha kupoa. Asemaye leo hafikirii ugonjwa wowote, anataka kusema tu kuepuka kabisa. Kwa hiyo "kama ugonjwa" inamtia msomaji wa Kiswahili kwenye picha ambayo hata mwandishi hakuiona, tena bila nguvu. Wengi wangeandika kama ukoma, na ni kweli msemo huo tunao na unasikika kila siku. Mimi siuandiki. Ukoma unatibika, dawa zake hutolewa bure, na aliyeanza tiba haambukizi wengine, lakini watu waliopona bado wanakimbiwa kwa sababu ya semi kama hizo. Andika waliliepuka soko lile kama moto, au hawakutaka hata kulisikia, au walilipitia mbali. Maana inafika yote.

Kuna matumizi ambayo hukuyauliza lakini utayakuta, hasa kwenye makala za siasa: "a plague on both your houses". Chanzo chake ni Shakespeare, katika habari za Romeo na Juliet. Mercutio, rafiki wa Romeo, amechomwa upanga katika ugomvi wa koo mbili usiomhusu, na anapokufa anazilaani zote mbili. Leo mwandishi akilitumia ana maana kwamba pande mbili zinazogombana zote zina hatia naye amechoka nazo. Usifasiri nyumba wala tauni. Andika laana iwapate wote, au kama sauti ni ya gazeti, wote wawili ni walewale. Ila ukifasiri mchezo wenyewe, fikiri mara mbili, kwa sababu laana ile inatimia: barua ya kumwambia Romeo kwamba Juliet yu hai haifiki, kwa kuwa mtawa aliyeibeba amefungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na maradhi hayo. Hapo neno linalobeba laana na ugonjwa kwa pamoja linahitajika, na huenda tauni ndiyo ikashinda.

Nimetaja laana, na hapa naomba usome polepole. Kwa kuwa mzizi wa neno ni pigo, na pigo lina mpigaji, "plague" huja na wazo kwamba aliyepatwa amestahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla na hata baada ya UKIMWI kupata jina lake mwaka 1982, magazeti ya Kiingereza yaliuita "plague" ya kundi fulani la watu. Jina lile lilifanya kazi ya hukumu. Wagonjwa walifukuzwa kazini, walikataliwa kuzikwa na ndugu zao, na watoto waliokuwa nao walizuiwa kuingia darasani. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuyapa majina magonjwa mapya, likiomba yasitajwe kwa majina ya watu, mahali, wala maneno ya kutia hofu isiyo na sababu. Kwa hiyo ukikuta makala ya Kiingereza inayoita ugonjwa fulani "plague" na ugonjwa huo una jina, jiulize mwandishi anataarifu au anahukumu. Akiwa anataarifu, tumia jina la ugonjwa: kifua kikuu, kwa mfano, ambacho karne ya 19 walikiita "plague" nyeupe. Akiwa anahukumu, ni maneno yake, mfasirie kama alivyosema, usimsafishe. Lakini usiiongeze hukumu pale ambapo hakuiweka.

Mambo mawili madogo ya kukusaidia kazini. Kiingereza hukupa dokezo kwenye vineno vinavyotangulia, ambavyo sisi hatuna na hivyo huviruka tukisoma. Likija peke yake, "plague", katika maandishi ya afya, ni tauni. Likija na "the", mara nyingi ni tauni ya kihistoria au ule msemo wa kuepuka. Likija na "a", karibu kila mara ni baa, pigo au laana. Si kanuni ya chuma, lakini ukiwa na shaka itakuvusha. La pili ni macho: kuna neno "plaque", linalotofautiana na hili kwa herufi moja tu, q badala ya g. Hilo ni utando unaoganda kwenye meno, au mafuta yanayoziba mishipa ya damu, au kibao cha kumbukumbu ukutani. Nimewahi kuona taarifa ya afya ya kinywa ikisema watoto wana tauni ya meno. "Plague" hutamkwa kwa silabi moja, "pleig", na zile herufi mbili za mwisho hazisikiki.

Mrudishie mhariri wako kazi, kwa heshima, na sentensi zake nne zikiwa hivi: baa la nzige liliharibu malisho, mradi uliandamwa na ucheleweshaji wa fedha, wafanyabiashara waliliepuka soko hilo kama moto, sotoka iliua ng'ombe wengi mwishoni mwa karne ya 19. Pembeni ya hiyo ya mwisho andika kwamba umejisahihisha mwenyewe, na kwamba neno umelithibitisha kwa mtaalamu wa mifugo. Kisha fanya hivyo kweli kabla hujaituma.